Mbwa wa Mtani wa Rumonge

Kazi yangu ilikuwa kuchekesha watu, na sijui kazi nyingine inayochosha uso kama hiyo. Mvuvi akishavuta mtumbwi wake mchangani amemaliza. Mhunzi akizima moto wake amemaliza. Mimi nilikuwa nikienda kununua chumvi, mwenye chumvi ananikodolea macho mdomoni, anangoja. Nikisema nataka chumvi, anacheka. Nikikasirika, anaegemea ukuta na kushika mbavu. Kuna siku nilirudi nyumbani bila chumvi, nimekasirika kweli kweli, na Rumonge nzima ikasema leo alikuwa mzuri kuliko jana.

Zilikuwa siku za Wadachi. Baba yangu alivuka ziwa kutoka Manyema pamoja na msafara wa wafanyabiashara, akaona michikichi, akaona samaki, akaweka mzigo chini na kusema yeye haendi mbele tena. Nikazaliwa hapo, nikakua na mdomo huu. Na kwetu kuna utani. Ukoo fulani na ukoo fulani wamepeana ruhusa tangu mababu ya kutukanana bila kugombana. Akifa mtu kwenu, mtani wenu anakuja msibani, lakini halii. Anawazuia wachimba kaburi, anaingia yeye kulala humo, anamwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma au akibana mkono, anapora jikoni chochote anachokitaka, na hakuna wa kumnunia. Waliofiwa wakicheka hata kidogo, msiba unapoa. Mimi nilikuwa mtani wa nusu ya pwani yetu ya ziwa. Watu wakianza kuugua walinitazama kwa wasiwasi, kama vile najaribu kukariri makosa yao. Na kweli nilikuwa nayakariri.

Mbwa nilimpata milimani, nyuma ya Gatete, nilikopanda kupeleka ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na mawese. Mbwa wa kule ni wadogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na hawabweki kabisa. Wawindaji wa Kirundi huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi katika majani. Huyu wangu alikuwa aibu ya mwindaji wake. Wenzake wakimkurupusha mnyama, yeye alikuwa anakaa kitako na kutazama.

"Mbwa huyu anafikiri," mwindaji aliniambia, baada ya amahoro na maneno mengine ya heshima. "Mnyama anapita, yeye bado anafikiri."

Nilimpa kikapu cha ndagala, akanipa mbwa. Yeye aliingia nyumbani kwake anajua amenipunja. Mimi nilishuka mlima najua nimempunja yeye. Nadhani biashara nzuri ndiyo hiyo, kila mtu anamsikitikia mwenzake.

Mke wangu alitutazama tukiingia uani. Alikuwa anachambua mchanga kwenye ndagala, na mikono yake haikusimama.

"Bwana," akasema, "huyo si wa kukaa hapa."

"Ni mlinzi, mama."

"Mlinzi gani? Tangu mmefika sijamsikia sauti."

Hapo alinishika. Sisi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Akikulamba, unaosha mara saba na moja katika hizo kwa udongo. Mbwa wa kulinda au wa kuwinda anaruhusiwa, lakini wangu hakuwinda, na wa kulinda hakuwa, maana hakubweka. Maalim wa chuo, mtu mpole aliyenifundisha kusoma kwa fimbo, alikuja mwenyewe kuuliza.

"Mwizi akija atafanya nini?"

"Atamtazama vibaya, Maalim."

Maalim alimtazama mbwa, mbwa akamtazama Maalim, kisha mbwa akapiga miayo. Mbwa wale hupiga miayo kwa sauti, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole. Maalim akaondoka bila kutoa hukumu, na sisi tukachukulia kwamba ametoa. Mke wangu akaweka sharti moja: mbwa hatavuka kizingiti. Ua ni wangu, nyumba ni yake, nyumbani anasali. Nikakubali, maana Mungu hakutupa mtoto aliyekaa, wote tuliwazika wadogo, na mtu ambaye ameshazika namna hiyo humbishii juu ya mlango wake.

Jina hana. Nilimwita majina mengi, hakuitika hata moja, nikaona bora niache kumsumbua.

Sasa watu wanadhani nilimfundisha. Mpaka leo kuna wazee wananiambia, ule mchezo wako na mbwa ulikuwa wa akili nyingi. Akili ya nani? Mimi nilikuwa na hadithi yangu niliyoipenda, ya mtu aliyeogopa ziwa. Mtu huyo alikuwa na safari ya Ujiji, akajifunga mwilini kwa kamba kwenye mtumbwi ili asidondoke. Wakafika salama, lakini fundo limelowa, halifunguki. Mwenye mtumbwi akangoja, akangoja, mwisho akauza mtumbwi pamoja na yeye. Nilikuwa nikiisimulia arusini, na kila nikifika kwenye fundo, mbwa wangu aliyekuwa amelala miguuni pangu anainuka, anajinyoosha mbele, anajinyoosha nyuma, anapiga miayo yake ile na kuondoka. Hana haraka. Anapita katikati ya wageni kama mtu aliyekumbuka ana kazi kwake.

Mara ya kwanza watu walicheka mpaka bibi arusi akaangusha ushungi. Mimi niliumia. Kweli, niliumia, kwa sababu hadithi ile ni nzuri, na hawakusikia mwisho wake. Nilimfuata mbwa nje nikamwambia, wewe, nakulisha. Akanitazama kwa yale macho ya kufikiri. Arusi iliyofuata mwenye shughuli akaniuliza kabla hata hajanisalimu: mbwa anakuja? Basi tukawa wawili. Mimi nasimulia, yeye ananidharau, watu wanavunjika mbavu. Alimpigia miayo jumbe akihutubia. Alimpigia miayo askari aliyekuwa akitangaza amri za bomani, na askari akainua bunduki, kisha akaona watu wote wanacheka, akacheka na yeye. Arobaini za watu alikuwa ananifuata na kukaa nje ya mkeka, na waliofiwa walikuwa wanamtafuta kwa macho kabla yangu. Nilimwonea wivu. Nilimpenda pia, tena sana, na nasema hivyo bila kuona haya, ingawa mtu mzima kumpenda mbwa ilikuwa jambo la kuchekwa, na mimi ndiye niliyekuwa nawapa watu vicheko vyao.

Kisha malale yakaja pwani.

Mbung'o walikuwa wamejaa kwenye vichaka vya midomo ya mito, na watu walianza kulala. Mtu anashika jembe, analala wima. Mwanamke anapika, anasahau kwamba anapika. Wakawa wembamba, wakagombana na watoto wao, wakafa. Wadachi wakaleta daktari na kambi ikajengwa nje ya mji. Amri ikatoka: kila mtu aje apapaswe shingo. Aliyekutwa na tezi anachomwa sindano shingoni, na akionekana ana wadudu anapelekwa kambini, anapigwa sindano nyingine. Baadhi walipona. Baadhi waliingia wanaona wakatoka wanashikwa mkono. Kwa hiyo siku ya kupapaswa ilipofika watu walijificha migombani, na jumbe wetu, mtu mnene wa uso na mwoga wa askari, alinijia anatoka jasho.

"Kinywa chako leo kina kazi," akasema. "Wakija askari kuwatoa kwa viboko, tutaumia wote. Wewe wanakusikiliza."

Nikawaza kidogo. Kisha nikamfunga mbwa wangu kitambaa kichwani kama mzee anayekwenda ijumaa, nikapita naye njia nzima nikitangaza kwamba mkubwa wa nyumba yangu anakwenda kupapaswa, na asiye na roho ya mbwa abaki migombani. Wakaanza kuchungulia, wakatoka. Tulipofika kwa daktari tulikuwa kundi zima, na kila mmoja anamsukuma mwenzake apate kuona.

Daktari alikuwa Mdachi mrefu, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili chake cha kujifunza kambini.

"Bwana daktari," nikamwambia, "mzee huyu anaomba aanze yeye, watoto wake wanaogopa."

Alikuwa na utu, yule daktari. Aliweka sura ya kazi, akachuchumaa, akasema, "Haya, mzee, toa shingo." Akampapasa. Watu walikuwa hawana mbavu. Bibi mmoja alikaa chini mavumbini akapiga mapaja yake. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha mbwa na kumtazama daktari usoni, kwa sababu nyuso ndiyo kazi yangu, na nikauona mzaha ukimtoka. Vidole vyake vilikuwa vimeshapita mahali, vikarudi. Vikapita, vikarudi.

"Mshike," akasema kwa sauti ya chini.

Akamtoboa sikio, akaweka damu kwenye kioo, akaenda kuitazama kwenye lile bomba lake la shaba. Nyuma yangu mtu akapaza sauti kuuliza kama mzee ana mimba, na kicheko kikaanza upya. Daktari akaniita kwa kidole, nikaweka jicho. Nikaona vitu vyembamba vinafurukuta kati ya chembe za damu, vingi, havina haya. Nikacheka. Sikukusudia, mdomo ulifunguka wenyewe kwa mazoea. Daktari alinitazama akaelewa, nadhani, kwa sababu hakunikasirikia.

Watu walipanga mstari asubuhi yote wakapapaswa mmoja mmoja, wanacheka. Jumbe alinishukuru. Kuna walioniambia baadaye kwamba ningemwacha nyumbani mbwa wangu, yasingempata. Huo ni upuuzi. Ugonjwa alikuwa nao, na bomba la shaba halikumtilia. Tena kati ya wale waliopanga mstari wapo waliogunduliwa mapema wakapona, na wanaishi, na bado wananidai hadithi.

Daktari alinibakisha mpaka mstari ulipokwisha.

"Dawa?" nikamuuliza.

"Dawa ya watu, na haitoshi watu. Mbwa huyu lazima auawe. Mbung'o anamnyonya yeye, kisha anakwenda kumnyonya mke wako. Unafahamu?"

"Nitamfungia."

"Wapi?"

"Ndani. Mchana kutwa. Tutawasha moshi."

Akafikiri. Mbung'o huuma mchana, na moshi hawaupendi, hilo alilijua. "Akionekana nje mchana, askari watampiga risasi," akasema. "Na hata ndani atakufa tu. Si siku nyingi. Sasa kwa nini taabu hii?"

Nilitaka kitu kimoja tu duniani wakati ule: mbwa wangu afe kwake, kwa wakati wake, na mimi nipo karibu naye. Asife kwa mkono wa mtu asiyemjua, na asife peke yake. Lakini nilimwambia daktari tu kwamba mbwa hajamaliza kunidharau. Akatikisa kichwa, akaniacha niende.

Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba nyumba ambayo nimeahidi kumfungia mbwa si yangu.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza, na yeye ni mtu wa kukatiza. Alipangusa mikono yake, akamtazama mbwa aliyekuwa amekaa nje ya kizingiti mahali pake pa siku zote, bado ana kitambaa kichwani, maana nilisahau kukitoa.

"Na mimi nitasali wapi?" akauliza.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na kipande cha nyuma cha kupikia mvua ikinyesha, na hapakuwa na mlango katikati. Alijifunga kanga akatoka. Nilidhani amekwenda kwa dada yake kunishtaki. Kumbe alikwenda kwa Maalim. Sijui walisemezana nini, hakunieleza, na mimi kwa mara moja maishani mwangu sikuuliza. Alirudi, akakunja mkeka wake wa kusalia, akachukua na birika yake ya kutawadhia, akavipeleka vyote barazani kwa jirani. Kisha akasimama mlangoni.

"Mlete," akasema. "Lakini asinilambe."

Mbwa akakataa kuingia. Kwa muda ule wote alikuwa amefundishwa kizingiti, na yeye jambo akishalifikiri halibadilishi. Nilimvuta, akajikaza. Ikabidi nimbebe, na mke wangu akakaa pembeni na kugeuza uso ili asituone tukivuka, kama vile asipoona ni nafuu kidogo.

Basi tukaishi watatu ndani ya moshi. Mke wangu alitia magome mabichi kwenye moto tangu kunapambazuka mpaka jua linatua, na sote tulikohoa, na macho yetu yakawa mekundu. Jirani walisema kwetu ni matanga yasiyo na maiti. Mbwa alilala nyuma, kwenye gunia. Alikonda akabaki mbavu, lakini uso ukavimba, na nilimwambia jumbe kwamba mbwa wangu ameanza kufanana naye. Jumbe alicheka kwa adabu. Kisha macho yake yakaingia ukungu, jicho moja kwanza, halafu la pili, rangi ya maji uliyooshea mchele. Alikuwa anageuza kichwa kutafuta sauti.

Mke wangu hakumgusa. Lakini alikuwa anachemsha vichwa vya ndagala mpaka vinalainika, anavisogeza kwa mwiko mpaka puani pake, na nilimsikia akimsemesha niliponyamaza. "Kula," anamwambia. "Usinitazame hivyo, si mimi niliyekupiga ugonjwa. Kula." Aliongea naye kwa hasira, lakini ilikuwa hasira ninayoijua. Ndiyo aliyokuwa akiwasemeshea watoto wetu.

Siku moja nilijaribu kumfurahisha. Sikujua njia nyingine. Nikakaa karibu na gunia nikaanza hadithi yangu ya yule mtu wa Ujiji, kwa sauti ya arusini, na mikono. Nilipofika kwenye fundo, akainuka. Miguu ilitetemeka, lakini akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapiga miayo, akaondoka. Akagonga ukuta. Akabaki pale, pua ukutani, hajui mlango umekwenda wapi. Nikamaliza hadithi upesi upesi ili apate kurudi. Mke wangu aliacha kupika akatoka nje, na mimi nikamchukua mbwa nikamrudisha kwenye gunia. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nililia siku ile, na sikujali nani anasikia.

Ndipo habari ikaja kutoka Kigwena. Mtumbwi ulifika asubuhi na mtu akapanda moja kwa moja mpaka kwangu. Mzee mmoja wa huko, mchuuzi wa mawese, amefariki alfajiri, na anazikwa leo baada ya adhuhuri. Ukoo wake na wetu ni watani. Mtani ninayetakiwa ni mimi.

Usiku uliotangulia mbwa hakuwa amekula. Alikuwa anapumua kwa tumbo.

Kwa mtu mwingine ningeweza kusema naumwa. Kwa mzee yule haikuwezekana. Tulipomzika mtoto wetu wa mwisho, yeye ndiye aliyekuja. Alinivua kofia kichwani mbele ya watu wote, akaivaa, akaketi mahali pangu, akapokea rambirambi zangu kwa sauti yangu hii hii ya puani. Aliniigiza mpaka mke wangu, aliyekuwa hajanena neno wala kunywa maji tangu mtoto alipokata roho, akacheka upande wa wanawake. Tulimsikia sote. Halafu ndipo akalia, na alipolia akaweza kunywa maji. Mzee yule alinirudishia mke.

"Nenda," mke wangu akasema, kabla sijasema lolote. "Yule alikuja kwetu."

"Na huyu?"

"Huyu nipo naye."

Nikachuchumaa kwenye gunia. Nilimwambia mbwa anisubiri, sitakawia. Alisogeza sikio. Nikaondoka, na njia nzima ya Kigwena, chini ya michikichi na kando ya msitu, nilikuwa namkumbuka marehemu kwa lazima, alivyotembea, alivyokohoa, maana kichwa changu kilikuwa kinarudi nyumbani kila hatua.

Kazi niliifanya. Niliwanyang'anya majembe wachimbaji. Niliingia kaburini nikalala, nikawaambia ni fupi, wamesahau shingo ya marehemu iliyozoea kuchungulia vyungu vya watu. Nikamwigiza alivyokuwa akipima mawese, kidole gumba ndani ya kibaba, kisha anakilamba na kusema hii ya kidole ni zawadi kwako. Vicheko vikapanda. Nikamsikia mjane wake ndani ya nyumba, kicheko kilichovunjika katikati, na nikajua nimelipa. Wakamteremsha mzee wao, wakamfukia, tukaomba dua.

Baada ya hapo sufuria zilikuwa jikoni, maana walichinja mbuzi. Mtani ana haki yake: anapora nyama motoni, wanawake wanamkimbiza na miiko, anakamatwa, anatozwa wimbo, anarudishiwa kipande chake, watu wanakula wamechangamka. Mchezo ni huo, kila mtoto wa pwani ile anaujua. Nikaingia jikoni nikafunua sufuria. Sikuchagua mnofu. Nilichagua ini, kwa sababu ini ni laini, na mtu asiye na nguvu za kutafuna analiweza. Nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikatoka mbio.

"Mwizi! Mtani kaiba ini!"

Wakanifuata na miiko, vigelegele na vicheko. Mahali ambapo mtani hugeuka na kukamatwa, sikugeuka. Nikaendelea kukimbia. Nilisikia wakicheka zaidi, wakaniita kwa matusi yote ya utani wetu, na kadiri nilivyozidi kwenda ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka wengine, nilivyoambiwa, walilala chini. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuchekesha watu vile. Nilivuka kijito, nikapita msituni nimekumbatia jani la moto kifuani, nguo imelowa mafuta, na nilipochoka nilitembea, na nilipoweza nilikimbia tena.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya milima ya ng'ambo nilipoiona nyumba yetu. Moshi haukuwa unatoka.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alinisogezea nafasi, nikakaa. Nilikuwa nahema.

"Watu walikuwa wanatoka sala ya alasiri," akasema.

"Alihangaika?"

"Kidogo. Kila mtu akipita nje anageuza kichwa. Nilikuwa namwambia, siye. Siye, bado anakuja." Akaikaza kanga yake. "Halafu akaacha kugeuza."

"Ulikuwa karibu?"

"Kichwa chake kilikuwa hapa," akasema, na akaweka mkono juu ya paja lake.

Alikuwa amemzika yeye mwenyewe, chini ya migomba, kabla askari hawajasikia na kuja kumchoma moto. Aliniambia kwamba amemwekea gunia chini, kwa kuwa udongo wa pale una maji. Nikamwambia nilimwomba anisubiri. Akasema, "Alisubiri. Alisubiri sana, bwana. Njia ndiyo ndefu."

Tukakaa. Baadaye akauona mkono wangu.

"Hiyo nini?"

"Ini."

Akalichukua jani kutoka mikononi mwangu, akalifungua. Lilikuwa limepoa, mafuta yameganda pembeni. Akaingia ndani akaleta sahani, akaliweka, akaleta na chumvi kidogo, akasogeza sahani mbele yangu.

"Kula. Tangu jana hujatia kitu mdomoni."

"Si langu, mama."

"Najua," akasema. "Sasa ni la nani?"

Nikalikata vipande vidogo vidogo, nikala. Mke wangu alikaa pale pale mpaka nikamaliza.